Vidukari kwenye miwaridi: kwa nini dawa kali huwarudisha wakiwa wengi zaidi

Mvua zinapokatika katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Limuru na Nairobi hadi Arusha, Lushoto na Njombe, miwaridi ya nyumbani huchipua kwa nguvu, na haupiti muda mrefu kabla ya vichipukizi hivyo laini kujaa wadudu wadogo wa kijani, waliojipanga kuanzia nchani hadi chini ya tumba la ua. Swali linaloulizwa kwenye vitalu vya maua na katika maduka ya pembejeo huwa ni lile lile: ni dawa gani itakayowamaliza? Majibu ndiyo yanayogongana. Mmoja atashauri majivu, mwingine sabuni ya unga, mwingine atatoa chupa ya dawa iliyobaki baada ya kupulizia nyanya, na jirani atasisitiza kwamba sisimizi ndio wa kuuawa kwanza. Mwenye bustani hujaribu yote hayo, wadudu hupungua kwa siku kadhaa, kisha hurudi wakiwa wengi kuliko mwanzo, naye huamini kwamba dawa ilikuwa hafifu na kwamba inayofuata inapaswa kuwa kali zaidi. Imani hiyo ndiyo inayohitaji kufafanuliwa, kwa sababu mara nyingi ukali wa dawa ndio uliowarudisha wadudu.

Mdudu anayezungumziwa ni kidukari, ambaye wakulima wengi wa Tanzania humwita mdudu mafuta. Ni mdudu mwenye mwili laini, mwembamba upande wa kichwa na mnene upande wa tumbo, na urefu wake kwa kawaida hauzidi milimita 4. Zipo spishi nyingi za vidukari, lakini anayependa zaidi waridi ni yule ambaye wataalamu humwita Macrosiphum rosae. Huwa wa kijani au wa rangi ya waridi iliyopauka, ana miguu mirefu, na nyuma ya tumbo lake zimechomoza neli mbili nyeusi zinazoonekana hata bila kioo cha kukuzia. Neli hizo mbili ndizo alama ya kumtambua. Mdudu asiyekuwa nazo, kama vile utitiri mwekundu anayefuma utando mwembamba chini ya jani, au inzi mweupe anayeruka kundi zima unapogusa mmea, ni mdudu mwingine, na matibabu yake ni mengine.

Kidukari hatafuni jani. Ana mdomo mwembamba uliochongoka, ambao huuchoma ndani ya chipukizi hadi kuufikia mshipa unaosafirisha sukari kutoka kwenye majani kwenda sehemu zinazokua. Utomvu ulio ndani ya mshipa huo unasukumwa kwa nguvu, hivyo mdudu hahitaji kuuvuta sana. Ni sawa na mpira wa kumwagilia maji uliotobolewa kwa sindano bomba likiwa wazi, ambapo maji hutoka yenyewe. Tatizo lake ni kwamba utomvu huo una sukari nyingi mno na protini kidogo mno. Ili apate protini ya kutosha, hulazimika kupitisha utomvu mwingi mwilini mwake, na sukari iliyozidi huitoa nyuma ikiwa matone ya majimaji matamu yanayonata.

Matone hayo ndiyo chanzo cha mambo mawili yanayowachanganya watu. La kwanza ni ukungu mweusi unaoonekana kwenye majani ya chini, ambao wengi hudhani ni ugonjwa wa mwaridi wenyewe. Ukungu huo hauingii ndani ya jani. Unaota juu ya sukari iliyodondoka, na ukiupangusa kwa kitambaa chenye maji hutoka, tofauti na ugonjwa wa madoa meusi ambao huliharibu jani lenyewe na haufutiki. La pili ni sisimizi. Sisimizi hawali maua wala majani ya mwaridi. Wanapanda kufuata matone matamu. Hata hivyo, jirani anayewalaumu hajakosea kabisa, na nitalirudia jambo hilo mbele kidogo.

Ukilikagua chipukizi moja kwa makini utaona mengi zaidi ya wadudu wa kijani. Utaona vipande vyeupe vikavu, vyepesi kiasi kwamba hupeperuka ukivipuliza. Watu wengi huviita mayai, na wengine huvidhani ni aina nyingine ya mdudu iliyovamia baada ya ile ya kwanza. Hivyo ni ngozi kuukuu tu. Kidukari hujivua ngozi mara 4 kabla ya kukomaa, na kila ngozi hubaki imenata kwenye jani. Ukikuta ngozi nyingi na vidukari wachache walio hai, huenda kundi hilo limekwisha kushambuliwa na kitu kingine, na huenda hakuna sababu ya kupuliza chochote.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo, yaani uzazi. Katika hali ya joto la kawaida la nyanda zetu, vidukari karibu wote unaowaona ni majike. Hawahitaji dume, hawatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai, ambao wote ni majike na wana urithi ule ule wa mama yao. Zaidi ya hayo, mtoto anapozaliwa tayari ana mimba changa ndani yake, maana yake ni kwamba mama mmoja hubeba mabinti na wajukuu kwa wakati mmoja. Kukiwa na joto la wastani na machipukizi laini, mtoto hukomaa na kuanza kuzaa katika muda wa siku 7 hadi 10 hivi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kama kila jike angezaa watoto 40 na wote wakaishi, mmoja angeleta 40, hao wangeleta 1,600, nao wangeleta 64,000, na muda wote uliopita ungekuwa takriban mwezi mmoja. Kundi linapobanana, baadhi ya watoto huota mabawa na kwenda kuanzisha kundi jingine kwenye ua la jirani, na ndiyo maana vidukari huonekana kana kwamba wamezuka kutoka hewani.

Hapa ni vyema kutahadharisha kuhusu ushauri unaosomwa kutoka nchi za baridi. Ulaya, kidukari wa waridi hutaga mayai kabla ya majira ya baridi, na mayai hayo hukaa kwenye matawi hadi majira ya kuchipua. Kwa hiyo wapenda maua wa huko wamezoea kushauriana wapulizie mafuta kwenye matawi matupu ili kuyaua mayai hayo. Mwaridi wa Nairobi au Arusha haupukutishi majani yote kwa baridi, na vidukari wake huendelea kuzaa mwaka mzima. Kupuliza mafuta ili kuua mayai yasiyokuwepo ni kupoteza fedha.

Kwa uzazi wa namna hiyo, la kushangaza ni kwamba vidukari hawajaifunika dunia. Sababu yake ni kwamba wanaliwa, tena wanaliwa mno. Mvua kubwa huwaangusha, hilo ni kweli, lakini walinzi wakuu wa bustani ni wadudu wengine, nao wanastahili kuelezwa taratibu kwa kuwa wengi wetu tunawaua bila kuwajua.

Wa kwanza ni mdudu kibibi, yule mbawakawa mdogo wa duara, mara nyingi mwekundu au wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi. Huyo watu humpenda. Lakini mtoto wake, ambaye ndiye mlaji mkubwa, hafanani naye hata kidogo: ni mrefu, mwenye rangi nyeusi au ya kijivu iliyokoza, ana madoa ya rangi ya chungwa mgongoni na miguu sita, na hutembea haraka juu ya vichipukizi. Sura yake inatisha, na kila msimu wapo watu wanaombana kwa vidole wakiamini kwamba yeye ndiye adui. Buu mmoja wa namna hiyo anaweza kula mamia ya vidukari kabla ya kukomaa. Wa pili ni buu la nzi-maua. Nzi huyo ana michirizi ya njano na nyeusi, huelea hewani mahali pamoja mbele ya ua, na haumi wala hadungi. Buu lake halina miguu, lina rangi ya kijani au kahawia iliyopauka, na hujilaza katikati ya vidukari likiwafyonza mmoja baada ya mwingine. Wa tatu ni nyigu wadogo sana, wa milimita 2 au 3, wasio na madhara yoyote kwa binadamu. Nyigu jike huingiza yai moja ndani ya kidukari, buu huanguliwa humo na kumla kutoka ndani, na kidukari hufa akiwa amevimba, ngozi yake ikiwa ngumu, kavu na ya rangi ya kahawia inayong'aa. Baadaye nyigu mpya hukata tundu la duara mgongoni na kutoka. Ukiona vidukari wa kahawia waliovimba, wengine wakiwa na matundu hayo, elewa kwamba kazi inaendelea bila wewe.

Wadudu hawa wana udhaifu mmoja ambao ndio unaoeleza fumbo zima: wengi wao huongezeka polepole kuliko windo lao. Mdudu kibibi huhitaji takriban wiki 3 hadi 4 tangu yai hadi mdudu kamili, muda ambao vidukari wameshapata vizazi vitatu. Unapopuliza dawa yenye nguvu inayoua kila mdudu, kama vile zile zenye sipamethrini au lambda-sihalothrini zinazouzwa kwa wingi, unaua vidukari wengi na unaua karibu walinzi wote. Vidukari wachache hubaki, ama kwa sababu walikuwa chini ya jani ambako dawa haikufika, ama kwa sababu wameirithi kinga dhidi ya dawa hiyo. Hao wachache huanza kuzaa siku ile ile bila kuhitaji dume na bila kuwa na adui, na kama aliyenusurika alikuwa na kinga, uzao wake wote utakuwa nayo. Walinzi hurudi wiki kadhaa baadaye, wakati kundi limeshakuwa kubwa kuliko lile la mwanzo. Mara nyingi huongezeka pia utitiri mwekundu, kwa sababu nao wanadhibitiwa na wadudu walao wenzao waliokufa kwa dawa hiyo. Wakulima wakubwa wa mawaridi wa Naivasha walilitambua tatizo hili la utitiri, na ndiyo maana mashamba kadhaa ya huko huachilia utitiri wanaokula utitiri wenzao badala ya kutegemea dawa pekee.

Kwa hiyo jambo la kupima unapochagua njia ni hili: baada ya njia hiyo, nani atabaki hai?

Njia ya kwanza ni maji matupu, na ninaiweka mbele kwa sababu inadharauliwa bila haki. Shika chipukizi kwa mkono mmoja ili lisivunjike, kisha lielekezee maji ya mpira yenye msukumo wa kutosha kuwang'oa wadudu, ukianzia chini ya majani. Kidukari aliyeng'olewa akiwa amechoma mdomo wake mara nyingi huumia, na walio wengi hawawezi kurudi juu kabla hawajafa njaa au kuliwa ardhini. Fanya hivyo asubuhi, ili majani yakauke mapema, kwa sababu majani yanayolala na maji hualika magonjwa ya ukungu. Rudia kila baada ya siku mbili au tatu kwa muda wa wiki mbili. Kwa miwaridi michache ya uani, njia hii pamoja na kukata ncha zilizojaa sana na kuzitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni mara nyingi inatosha kabisa.

Njia ya pili ni sabuni, na hapa ndipo penye makosa mengi. Sabuni huua kwa kuugusa mwili laini wa mdudu ikiwa bado majimaji. Huharibu utando unaomhifadhi, naye hukauka. Ikishakauka kwenye jani haiui tena, na hiyo ndiyo faida yake, kwa kuwa mdudu kibibi anayetua saa chache baadaye hadhuriki. Lakini si kila kiitwacho sabuni ni sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia ina viambato vingine vya kung'arisha na kulainisha ambavyo huunguza majani ya mwaridi. Sabuni ya mche, ile ya kipande isiyo na dawa wala manukato makali, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, inafaa zaidi. Kwangua gramu 5 hadi 10, ziyeyushe katika maji ya uvuguvugu, kisha ongeza maji hadi upate lita moja. Tumia maji ya mvua ukiweza, maana maji ya kisima yenye chumvi nyingi huigandisha sabuni na kuipunguzia nguvu. Pulizia kwanza majani machache na usubiri siku mbili uone kama yanaungua. Yakiwa salama, pulizia jioni au asubuhi na mapema, hakikisha upande wa chini wa majani umelowa, na usifanye hivyo mwaridi ukiwa na kiu wala jua likiwa kali. Kwa kuwa utakaowakosa wataendelea kuzaa, rudia baada ya siku 5 hivi.

Mwarobaini unasaidia pia, ila hauendi kwa kasi wanayoitarajia watu. Nguvu yake kubwa iko kwenye mbegu kuliko kwenye majani. Gramu 50 za kokwa zilizotwangwa, zikilowekwa usiku kucha katika lita moja ya maji na kuchujwa, hutoa dawa inayowapunguzia vidukari hamu ya kula na kuwazuia wadogo kujivua ngozi ipasavyo. Wanaofanya ukaguzi asubuhi inayofuata huona wadudu wangali hai na kuikataa dawa. Matokeo huonekana baada ya siku kadhaa. Mwanga wa jua huidhoofisha haraka, kwa hiyo hupulizwa jioni.

Pareto, ua jeupe linalolimwa nyanda za juu za Nakuru nchini Kenya na katika mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe nchini Tanzania, huua vidukari papo hapo na huvunjika haraka kwenye mwanga. Wengi husema kwamba kwa kuwa ni ya asili haina madhara. Si kweli. Huua mdudu kibibi na nyuki inapowagusa, na ni sumu kali kwa samaki, kwa hiyo isipulizwe karibu na bwawa. Ubora wake ni kwamba haikai siku nyingi. Ipulizwe jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na kwenye vichipukizi vilivyovamiwa tu. Maji ya tumbaku, ambayo bado yanashauriwa vijijini na mijini, ningeyaacha kabisa. Nikotini hupenya kwenye ngozi ya binadamu na inaweza kumdhuru vibaya anayeichemsha na kuipuliza bila kinga. Majivu nayo hayana hatari kubwa, ila hayaondoi vidukari walio chini ya majani, huoshwa na mvua ya kwanza, na yakirundikwa shinani mara kwa mara hubadilisha hali ya udongo kwa namna ambayo mwaridi hauipendi.

Sasa kuhusu sisimizi. Katika kutetea matone yao matamu, sisimizi huwafukuza mabuu ya mdudu kibibi na huwasumbua nyigu wanaotaka kutaga. Ndiyo maana unaweza kufuata maelekezo yote na walinzi wasionekane. Huna haja ya kumwaga sumu kwenye kichuguu chao. Zungushia shina utepe wa plastiki, upake grisi juu ya utepe huo na si kwenye gome, kisha kata matawi yanayogusa ukuta au mmea mwingine ili kusiwe na daraja. Sisimizi wakizuiwa kupanda, walinzi hupata nafasi ya kufanya kazi yao.

Watu wengine hushtuka kwa kusikia kwamba vidukari hueneza virusi. Hilo ni kweli kwa mazao mengi. Ugonjwa wa kishada wa migomba unaowatesa wakulima wa Kongo, Burundi na Rwanda huenezwa na kidukari wa migomba. Lakini virusi vinavyoleta mabaka ya njano kwenye majani ya mwaridi huenezwa hasa kwa kuunganisha vikonyo kutoka mimea yenye ugonjwa, si kwa vidukari. Mwaridi uliokomaa na wenye mizizi mizuri ni nadra kufa kwa vidukari. Hasara yake ni matumba yaliyojikunja na maua yasiyofunguka vizuri, na hiyo ni sababu ya kuchukua hatua kwa utulivu, si kwa hofu.

Jambo ambalo halitajwi dukani ni mbolea. Urea, au samadi ya kuku iliyowekwa kwa wingi, huufanya mwaridi utoe machipukizi marefu, laini, yenye utomvu uliojaa kile hasa ambacho kidukari anakitafuta. Mtu hupuliza dawa Jumatatu na kutia mbolea Jumanne, bila kujua kwamba amewaandalia chakula. Weka mbolea kidogo kidogo, na upendelee mboji iliyooza vizuri. Na kama una nafasi, acha mashina machache ya giligilani au shamari yachanue karibu na miwaridi, kwa kuwa maua yao madogo huwapa chakula nzi-maua na nyigu wakati vidukari ni wachache.

Ipo pia dawa inayomwagwa shinani na kupanda ndani ya mmea wote, kama imidakloprid. Huua vidukari kwa hakika, lakini hufika pia kwenye chavua na utamu wa ua ambao nyuki huufuata; Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake nje ya vibanda vya kioo mwaka 2018 kwa sababu hiyo. Anayelazimika kununua kiuatilifu chochote na ahakikishe kimesajiliwa na mamlaka husika, ambayo kwa Tanzania ni TPHPA na kwa Kenya ni PCPB, na kwamba lebo inataja maua, si pamba wala nyanya pekee. Na kwa nyumba za pwani ambako waridi huvaliwa nywelani pamoja na asumini, hutandazwa kitandani kwa bi harusi au huchemshwa ili kupata marashi, dawa za kupanda ndani ya mmea zisitumike hata kidogo, maana petali zake haziwezi kuoshwa zikasafika. Miwaridi hiyo ipewe maji ya mpira, vidole vya kuwabana vidukari, na sabuni ya mche.